Tupeane uzoefu: kutetea haki za wanawake kazini huku unalea watoto

Wengi wetu tunaotetea haki za wanawake kazini tunazungumzia sheria kwa ufasaha, lakini hatuelezani tunaipata wapi saa ya kuifanya kazi hiyo. Kwangu mimi, kikwazo cha kwanza hakikuwa mwajiri bali ratiba ya chama chetu cha wafanyakazi: vikao vilianza jioni, na waliobaki hadi maamuzi yanapopitishwa walikuwa wale wasio na watoto wadogo. Tulipoomba vikao vya mchana tuliambiwa kwamba mchana ni muda wa mwajiri, nasi tukajibu kwamba hilo basi ndilo liwe dai la kwanza kumpelekea. Wenzangu, ninyi mlifanyaje?

Mama wa mapacha:
Mimi nilidai muda wa kunyonyesha. Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mapumziko hayo yahesabiwe kuwa saa za kazi na yalipwe, na likizo ya uzazi isipungue wiki 14. Kwa kuwa mkataba huo unazibana nchi zilizouridhia tu, sikuutumia kama amri bali kama kipimo, na baada ya mabishano marefu vipengele hivyo viliingizwa katika mkataba wetu wa hali bora, yaani makubaliano kati ya chama chetu na mwajiri. (Msimamizi wangu aliwahi kuniuliza kwa nini watoto wasipewe maziwa ya kopo, swali ambalo halikumhusu hata kidogo.)

Baba wa mtoto mmoja:
Mwanaharakati ni mke wangu. Mimi hubaki na mtoto anapokuwa kikaoni, na mtoto akiugua huomba ruhusa mimi. Mkataba Na. 156 wa Shirika hilohilo la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unawahusu wafanyakazi wote wenye majukumu ya familia, wanaume kwa wanawake.

Mwakilishi wa tawi:
Dai la ujira ndilo linalokula muda. Mkataba Na. 100 wa shirika hilo, wa mwaka 1951, unataka ujira sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa, si kazi ileile tu, kwa hiyo ilitubidi tulinganishe majukumu ya wanawake wa usafi na ya walinzi, ambao karibu wote walikuwa wanaume, na ulinganisho huo tuliufanya wakati wa chakula kwa sababu hatukuwa na muda mwingine. Nafasi yangu sasa tunaishika wawili kwa kupokezana, na kila mmoja anayo nakala ya barua zote, ili mmoja akiuguza mwingine aendelee na mazungumzo. Mwajiri alipinga mwanzoni akidai kwamba anataka kuzungumza na mtu mmoja. Mwenye uzoefu wa kulijibu pingamizi hilo kwa maandishi atueleze.