Tupeane uzoefu: kamera ya After Effects ilishawahi kukuaibisha wapi?

FundiTaimulaini:
Wakuu habari za usiku. Wale wa mosheni grafiki njooni hapa tupeane uzoefu kuhusu hii kamera ya 3D ya After Effects (AE), programu ya kutengeneza video za michoro inayotembea, maana kwenye video za mafunzo inateleza kama kambale ila ukikaa mwenyewe ni vita.

Naanza mimi. Mwaka jana nilipewa kazi ya harusi, picha 40 za maharusi, nikazipanga moja nyuma ya nyingine ili kamera ipite katikati kama mtu anatembea korido. Nikaweka kifremu (alama inayosema kamera iwe wapi kwa muda fulani) ya kwanza na ya mwisho kwenye posisheni, nikaangalia sekunde kumi za mwanzo nikaona safi, nikarenda (kutoa video kamili) nikalala. Sasa ukumbini, kwenye projekta, picha ya 26 hivi kamera ikageuka ghafla ikaanza kuangalia ilikotoka, kuanzia hapo mpaka mwisho tunaona migongo ya picha na jina la bwana harusi limeandikwa kinyumenyume. MC akajitahidi kuokoa jahazi, akasema eti maharusi wanakumbuka walikotoka. Mama wa bibi harusi hakucheka.

Kumbe kamera niliyoweka ni ya nodi mbili, moja kamera yenyewe, nyingine ile nukta ambayo kamera inaitazama. Mimi nimesogeza kamera tu, nukta nimeiacha palepale, kwa hiyo kamera ilipoipita ikabidi igeuke iendelee kuitazama. Yaani ilikuwa inatii tu. Tangu siku ile kamera siigusi, natengeneza nali, yaani leya tupu isiyoonekana (Ctrl+Alt+Shift+Y), naifunga kamera kwenye nali, kifremu zote zinakaa kwenye nali, hapo kamera na nukta yake vinabebwa pamoja.

Haya wengine?

Dada_Renda:
Mkuu pole ila huyo MC apewe maua yake 😂 Na hiyo nali usisahau kuitiki 3D, mie nilishatafuta Z (ya kwenda mbele na nyuma) nusu saa siioni.

Yangu ilikuwa tangazo la sekunde 15 la vipodozi. Kamera ifike kwenye chupa, itulie sekunde mbili, iondoke kwenda kulia. Kifremu ya sekunde ya 4 na ya 6 zina namba zilezile, nimekopi na kupesti kabisa, lakini haitulii!! Inajisogeza kidogo halafu inarudi, kama mtu kasimama kwenye mtumbwi. Siku mbili nalaumu kompyuta. Kumbe AE inapinda njia yenyewe kati ya kifremu na kifremu, ikiona inayofuata iko kulia inaanza kukunja kona mapema hata kama umeiambia ikae. Dawa yake shika zile kifremu mbili, bonyeza kitufe cha kulia, fungua interpolesheni (jinsi AE inavyopita kati ya kifremu), ile ya njia (sio ya muda) weka linia, yaani mstari ulionyooka. Kwenye setingi za jumla kuna pa kutiki iwe linia siku zote, nilitiki na sijatoa mpaka leo.

Konda wa Pikseli:
Mimi ugonjwa wangu ni F9. Nilifundishwa kila kifremu piga F9 (kamera ipunguze mwendo ikifika na kuanza polepole ikiondoka) iwe laini, basi nikaweka kifremu nane njiani na zote nikapiga F9. Kamera ikawa daladala, inaondoka, inakanyaga breki, kituo, inaondoka tena, breki. Bosi akaniuliza anashusha nani hapo. Siku hizi F9 naipiga ya kwanza na ya mwisho tu, zile za katikati naziweka ziwe za kuelea kwenye muda, AE inazigawa yenyewe mwendo uwe mmoja. Halafu nafungua grafu navuta mkono wa mwisho taratibu mpaka kilima kiwe mwanzoni, ifike kwa kunyata.

mjomba_fremu (Nairobi):
Mimi niko Blender, programu nyingine ya 3D, haina malipo na laptop yangu ni ya kuhurumiwa. Nilitaka kamera itikisike kama imeshikwa na mkono, nikaongeza modifaya ya noizi kwenye grafu ya posisheni nikaiacha na namba zake za mwanzo, nguvu 1 na skeli 1. Aki matatu kwa rough road ni afadhali! Mteja akasema kichwa kinamuuma. Nguvu nilishusha hadi 0.05 na skeli nikapandisha kama 40 mtikiso uwe wa polepole, ndio ikakaa kama mtu anapumua.

Dada_Renda:
@mjomba_fremu huku AE unaandika amri ya kutikisa wiggle(2,15), mara mbili kwa sekunde, pikseli 15. Kuna mtu ofisini aliandika (15,2) akashangaa mbona inatetemeka kama ina homa.

FundiTaimulaini:
Konda umenifumbua macho, nina harusi nyingine Jumamosi na nilikuwa nimeshapiga F9 kila mahali. Nimeondoa, inapita vizuri sasa, shida picha ya 17 kamera inapita karibu mno mpaka pua ya shangazi inajaza skrini. Nikiisukuma pembeni inagongana na ya 18. Nairudisha nyuma Z kidogo narenda tena, hii ni tatu, na luku imebaki yuniti nne.