Naomba ushauri: Scrooge alibadilika kwa woga au kwa huruma?

Ndugu zangu, habari za leo. Vijana wa kanisani kwetu wamenibebesha kazi ya kuandaa igizo la Krismasi, na tumechagua kisa cha Charles Dickens cha mwaka 1843, kile cha Scrooge, bahili wa London anayetembelewa na roho watatu wakati wa Krismasi, wakimwonyesha maisha yake ya zamani, ya sasa na yajayo. Tuna dakika 20 tu, kwa hiyo lazima tukate.

Wenzangu wanataka tubaki na kaburi: roho wa tatu, asiyesema neno, anamwonyesha jiwe lenye jina lake, mzee anapiga magoti, basi, kaokoka. Mimi sikubali. Hapo ni kuogopa kufa, na nani haogopi? Naona alianza kulainika mapema, alipojiona mtoto, kaachwa peke yake shuleni wakati wenzake wamekwenda likizo. Analia, kisha anamkumbuka kijana aliyekuja kumwimbia mlangoni jana yake, anatamani angempa chochote. Ni jambo dogo, lakini mkono wa birika ndipo ulipoanza kufunguka.

Sasa nikate kipi? Na huyu Marley, mshirika wake aliyekufa miaka 7 nyuma, anayekuja akiburuta mnyororo wa funguo, kufuli na madaftari ya hesabu, tumwite mzimu, mzuka au roho? Wazee wa kanisa walisikia "mzimu" tu wakaguna. Mnyororo wenyewe nimeshauazima kwa jirani mwenye mbwa, na anautaka kabla ya mwaka mpya.