Jeshi la akiba likiitwa kazini: nani hasa anatoa amri, ndani na nje ya nchi?

Mulika

Wakuu, kuna mambo matatu yananichanganya kuhusu askari wa akiba. Kwanza, kwenye mafuriko au ghasia utaona kikosi kimoja kinasimamisha magari na kukamata waporaji, halafu kingine chenye sare ileile kinasema kazi yake ni kupakia mizigo tu. Pili, ikija safari ya nje ya nchi, madereva na wahudumu wa afya wanaondoka mapema, lakini brigedi ya mapigano inakaa kambini miezi kadhaa. Tatu, mwajiri anabanwa na nini mtu wake akiitwa ghafla? Naomba majibu ya wanaojua utaratibu, siasa tuiweke pembeni.

Kifungu

Mkuu, kwenye la kwanza achana na sare. Uliza karatasi ya wito imetaja kifungu gani cha sheria. Hicho ndicho kinachoamua nani anamwamuru askari, nani anamlipa, na kama anaruhusiwa kumkamata raia.

Marekani ndiko jambo hili linaonekana waziwazi. Walinzi wa Taifa (National Guard), yaani askari wa akiba wa kila jimbo, wanaweza kuwa kazini kwa hali tatu. Wakiitwa na jimbo lao, gavana anaamuru na jimbo linalipa. Wakiitwa chini ya Sura ya 32 ya sheria za shirikisho, gavana bado ndiye mwenye amri ila fedha zinatoka Washington. Chini ya Sura ya 10 wanakuwa askari wa Rais moja kwa moja. Katika hali mbili za mwanzo wanaweza kusaidia polisi kukamata watu kwa kadiri sheria ya jimbo inavyoruhusu. Katika hali ya tatu wanabanwa na Sheria ya Posse Comitatus ya 1878, inayozuia jeshi la shirikisho kufanya kazi ya polisi, isipokuwa Rais atumie Sheria ya Uasi ya 1807, inayomruhusu kutumia jeshi kuzima uasi, au Bunge liwe limeruhusu kwa njia nyingine.

Mfano wa wazi ni Little Rock, Arkansas, mwaka 1957. Mwanzoni mwa Septemba Gavana Faubus aliwatumia Walinzi wa jimbo lake kuwazuia wanafunzi tisa weusi wasiingie shuleni. Tarehe 24 mwezi huohuo Rais Eisenhower akawaweka Walinzi hao chini ya amri ya shirikisho na kutuma askari wa Divisheni ya 101. Kikosi kilichokuwa kimewazuia wanafunzi kikawa sasa na wajibu wa kuwalinda.

Jambo ambalo wengi hulikosa ni hili: akiba ya jeshi la nchi kavu la Marekani si Walinzi wa Taifa. Haina gavana, ni ya shirikisho tangu mwanzo. Mpaka mwisho wa 2011 hapakuwa na kifungu cha kuwaita kwa lazima kwa ajili ya janga la asili tu, hata kama malori na helikopta zao zimeegeshwa jirani na mafuriko. Sheria ya ulinzi iliyosainiwa Desemba 2011 ndiyo iliyoruhusu waitwe hadi siku 120, gavana akiomba msaada.

Uingereza haina magavana, hivyo inagawa kulingana na sababu ya wito. Sheria ya Majeshi ya Akiba ya 1996 ina kifungu cha 52 kwa hatari kubwa kwa taifa, cha 54 kwa operesheni za kivita, na cha 56 kwa kuokoa maisha na mali, majanga yakiwemo. Kila kimoja kina ukomo wake wa muda.

Bohari

Kifungu kamaliza la kwanza, mimi nachukua la pili. Nje ya nchi hakuna gavana. Mmarekani wa akiba anayevuka mpaka kwa operesheni anakwenda kwa Sura ya 10. Bila kutangaza hali ya dharura ya taifa, Rais anaweza kuita hadi watu 200,000 kwa siku zisizozidi 365. Akiitangaza, idadi inaweza kufika 1,000,000 na muda miezi 24 mfululizo.

Sasa kwa nini brigedi inachelewa? Hesabu siku za mazoezi. Askari wa akiba huko hufanya wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, jumla kama siku 39. Dereva wa lori anaendesha lori hata uraiani, na muuguzi anahudumia wagonjwa kila siku. Lakini hakuna kazi ya uraiani inayomfundisha mtu kuongoza mizinga, vifaru na wahandisi wafike mahali pamoja saa tisa usiku. Kikosi kidogo cha watu 40 kinanolewa ndani ya wiki chache. Brigedi yenye maelfu lazima ianze ngazi ya seksheni, ipande kombania, batalioni, kisha makao makuu yake yenyewe yafanyiwe mtihani.

Vita vya Ghuba vilionyesha hivyo. Brigedi ya 48 ya Walinzi wa jimbo la Georgia iliitwa mwishoni mwa Novemba 1990, ikapelekwa kunolewa Fort Irwin, jangwani California, na ikathibitishwa kuwa tayari tarehe 28 Februari 1991, siku ileile mapigano yaliposimamishwa. Haikwenda. Vikosi vya akiba vya usafiri, maji na hospitali vilikuwa vimeshafika Ghuba muda mrefu. Tusiwalaumu sana askari hapa: sheria ya wakati ule ilimpa Rais siku 90 na nyongeza ya 90, kwa hiyo ukiita brigedi mapema muda unaishia kwenye mazoezi.

Vinavyokwamisha watu siku ya kuripoti ni vitu vidogo kwelikweli:

- Meno. Jino linalohitaji kung'olewa au kuzibwa linamzuia mtu kupanda ndege, kwa sababu likivimba huko mbele kikosi kinampoteza kwa siku kadhaa. Ni sababu ya kawaida sana.
- Miwani. Anayevaa miwani anahitaji jozi mbili pamoja na lenzi zinazowekwa ndani ya barakoa ya gesi. Lenzi hizo huagizwa, na zinachukua siku.
- Chanjo zinazohitaji dozi zaidi ya moja. Ukianza siku ya kuripoti umeshachelewa.
- Redio za zamani. Kikosi cha akiba mara nyingi kinarithi seti ambazo jeshi la kudumu limeshaziacha. Kinafika mbele, kinashindwa kuongea na jirani yake kwa siri.

Na kuna ugonjwa mkubwa zaidi, kuazima watu. Kombania inatakiwa na watu 120 ila walio tayari ni 85, basi 35 wanachukuliwa kutoka vikosi vingine. Ukiviita vikosi hivyo mwakani, unakuta vyenyewe ndivyo vina pengo, navyo vinaazima. Ukirudia mizunguko mitatu hakuna kikosi kinachokwenda na watu waliofanya mazoezi pamoja.

Mulika

Nashukuru. Na ndani ya nchi kwenye janga, ucheleweshaji unatoka wapi? Maana hapo hakuna brigedi wala Fort Irwin.

Zamu ya Usiku

Mara nyingi kwenye ombi lenyewe. Ofisa wa eneo anaandika "tunaomba helikopta tatu". Helikopta za aina ile hazipo, ombi linarudishwa, saa sita zimekwenda. Aandike tatizo: watu 40 wako juu ya mapaa, barabara imekatika, upepo mkali, hakuna uwanja wa kutua. Mpangaji wa jeshi ataamua mwenyewe kama ni helikopta au boti. Omba uwezo, usiombe kifaa.

Kikosi nacho kije na chakula, maji na mafuta yake ya saa 72, la sivyo kinakuwa waathirika wapya wa kulishwa. Angalia pia mlolongo mzima wa kazi. Mtambo mkubwa wa jeshi wa kusafisha maji hutoa kama lita 11,000 kwa saa. Ukifanya kazi saa 20 ni lita 220,000, na kwa lita 15 kwa mtu unatosheleza zaidi ya watu 14,000 kwa siku. Kwenye karatasi inapendeza. Uwanjani mtambo unajaza tangi lake, unazimwa, kwa sababu hakuna aliyeleta matangi ya ziada, malori ya maji wala madumu ya wananchi.

Kosa lingine ni kuhesabu mtu mmoja mara mbili. Muuguzi wa akiba yumo kwenye orodha ya hospitali na kwenye orodha ya jeshi. Siku ya janga akiitwa, hospitali inapungukiwa palepale majeruhi wanapopelekwa. Finland hulitatua mapema: mwajiri anaomba mtu muhimu aachwe kwenye kazi yake wakati wa vita, na jeshi linamwondoa kwenye mpango wake. Orodha hiyo isipofanyiwa mapitio inaoza. Watu huhama kazi.

Kifungu

La tatu, la mwajiri. Marekani inatumia sheria ya 1994: kazi ya mtu inalindwa kwa utumishi wa jumla usiozidi miaka mitano kwa mwajiri mmoja, ingawa wito mwingi wa lazima hauhesabiwi ndani ya hiyo mitano. Arudipo, muda wa kuripoti unategemea alikaa jeshini muda gani. Siku 1 hadi 30, anaripoti zamu ya kwanza ya siku inayofuata, baada ya safari ya kurudi na saa nane za kupumzika. Siku 31 hadi 180, anaomba kurejea ndani ya siku 14. Zaidi ya 180, ana siku 90. Wanaopata shida ni wale walioondoka bila kutoa taarifa. Hata ya mdomo inakubalika, lakini andika.

Uingereza mwajiri anaweza kuomba mtu wake aahirishiwe au asamehewe, ila ana siku saba tu tangu apewe notisi. Wengi wanaikuta barua kwenye meza ya mtu aliye likizo.

Ngao

Nyongeza fupi, maana uzi umekuwa wa Marekani mno. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, Tanzania iliwaingiza mgambo na vijana wa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) jeshini, wakapigana hadi ndani ya Uganda. Kisheria hilo halina tatizo: Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unawatambua wanamgambo walio sehemu ya jeshi, na wakikamatwa ni wafungwa wa vita. Kinyume chake, mtu wa akiba ambaye hajaitwa ni raia, hata kama ana sare kabatini. Nchi ikiingiza polisi wenye silaha ndani ya jeshi, Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva, inaitaka iwajulishe wahusika wengine wa vita.

Na kwa anayerudi: goti likiumia kambini, hakikisha limeandikwa kwenye faili kabla ya kusaini karatasi za kuachiwa. Ukishavua sare, kuthibitisha kwamba uliumia ukiwa kazini ni mzigo wako, na daktari aliyekuona kule huenda naye ni wa akiba, ameshatawanyika na wenzake.