Nitenganishe vipi hasara ya mvua na uchovu wa shamba? (mkonge, Korogwe)

MamaSauda:
Habari za humu wakuu. Mie nina eka 8 za mkonge huku Korogwe, urithi wa marehemu baba. Kijiji kimeniingiza kwenye kamati ya kuandika athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wakulima, karatasi iende wilayani. Kikao cha kwanza kila mtu kasema "mvua siku hizi hazieleweki", mwenyekiti akataka niandike hivyohivyo. Nimegoma. Hayo hata bibi yangu alikuwa akiyasema.

Nilicho nacho ni daftari la baba tangu 2011: tarehe ya kukata, matita mangapi (kwake tita ni majani 30), nani kakata. Mvua hakupima, ila pembeni kachora maneno yake: "matope", "gari halikuja", "jua". Vuli ya 2019 ni matope kurasa tatu. Baada ya vuli ya 2021 kaandika "UG tupu" (UG ni daraja la chini), maana majani yalitoka mafupi, na singa, yaani nyuzi za mkonge, isiyofika futi 3 inashushwa daraja.

Tatizo ni kwamba shamba lenyewe ni la zamani, limekatwa hadi limechoka. Nikiitupia tabianchi hasara yote nitakuwa muongo. Natenganishaje?

Mnyapara_Mstaafu:
Mwanangu, umeuliza vizuri. Mkonge hauuliwi na jua kirahisi. Vitundu vya majani yake hufunguka usiku, mchana vinajifunga, ndiyo maana mahindi ya jirani yanaungua na wewe bado una cha kukata. Ukame unauchelewesha: jani linakuja polepole na fupi. Sasa ukiona jani linakauka pale kwenye kitako, karibu na shina, hadi linajikunja, hiyo ni potasiamu imekwisha ardhini. Hata mvua ije ya kutosha litakauka tu. Pita mstari kwa mstari. Halafu nikuulize: mabaki ya korona, ile mashine ya kuchuna majani, mnayarudisha shambani?

MamaSauda:
Shikamoo mzee. Hayarudi, gari la kuyabeba nani alipe? Nimetoka shambani sasa hivi. Vitako vikavu viko upande wa bondeni, mistari sita. Hiyo naitoa kwenye hesabu.

Fundi_Baiskeli:
Mvua ni za Mungu. Andikeni, wakubwa wale posho.

MamaSauda:
Posho yenyewe soda moja kaka yangu, na ilikuwa ya moto.

Mpanganiwa:
Dada, kama kamati yenu ina wenye minazi, waambie wasilinganishe nazi za mwaka huu na mvua ya mwaka huu. Tangu ua lifunguke mpaka nazi ikomae ni kama mwaka mzima. Vuli ikikosekana, pigo utaliona kwenye uangushaji wa mwaka unaofuata, wakati huo mvua inanyesha na watu wanashangaa. Tena watazame juu mnazini kama maji moto, wale siafu wa mitini, wapo. Wasipokuwepo, kunguni wa minazi ananyonya vidaka (nazi changa) vinadondoka, mtu anasingizia hali ya hewa.

Mnyapara_Mstaafu:
Huyo wa Pangani kasema kweli. Nami niongeze: usihesabu singa tu. Mkataji analipwa kwa alichokata. Barabara ikikatika, mwenye shamba anapoteza majani, kwa sababu yaliyokwisha katwa yakilala siku kadhaa yananyauka na korona haiyachuni vizuri. Mkataji anapoteza siku nzima, na nyumbani kwake hakuna hata kuku. Wilayani hawaoni hilo kwenye tani.

MamaSauda:
Mzee, hapo umenifungua macho. Nimerudi kwenye daftari na kalamu nyekundu. Oktoba hadi Desemba 2019 kuna siku 23 ambazo baba kaandika matope au gari, na hakuna tita hata moja. Vuli ya 2018 siku kama hizo ni 4. Shamba lilelile, mkonge uleule, kwa hiyo hapo uchovu wa udongo siusemi.

Halafu nikaanza kusoma majina. Kabla ya ile vuli walikuwa wakataji saba. Januari 2020 wamebaki watatu. Kwenye mmoja baba kaandika "kaenda Tanga, anauza juisi Ngamiani". Namba yake ninayo, jioni nampigia.