Mkemia akiingia Ikulu, kemia inaingia naye?

Kamwene wadau. Nafundisha kemia hapa Iringa, na kila muhula wanafunzi wananirushia swali hilihili: hayati Magufuli alitawala kama mwanasayansi, au shahada zilibaki kabatini?

Sisi wa Iringa tuna dai letu kwake. Kidato cha tano na sita alisoma Mkwawa, 1979 hadi 1981, akachukua na stashahada ya ualimu papo hapo, kisha akaenda kufundisha kemia na hisabati Sengerema. Udaktari aliupata 2009, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa tayari waziri. Alitafiti namna mafuta ya maganda ya korosho yanavyoweza kuzuia kutu. (Utani wa kutu na mafisadi wenyewe mlishaumaliza.)

Nina shida na Mei 2020. Alisema sampuli za papai, mbuzi na kware zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na nyingine zikarudi zina korona. Wengi walicheka. Mimi sikucheka, maana kumpa mpimaji sampuli asiyoijua ni utaratibu halali kabisa. Kilichofuata ndicho kinachonikera. Jibu la ajabu unalirudia, unampa na mwenzako wa maabara nyingine apime, unaandika ulivyofanya hatua kwa hatua. Yeye alilitoa kwenye hotuba, mkuu wa maabara akasimamishwa, na hesabu ya wagonjwa ikakwama kwenye 509. Jaribio ambalo hakuna anayeweza kulirudia, darasani kwangu naliandikia sifuri, awe mtoto wa nani.

Mkulima, Makambako: Mwalimu, miaka mitano na ushee unaipima kwa papai? Yule mzee alikuwa anataja barabara na kilomita zake bila karatasi. Mkandarasi akidanganya, anaumbuliwa palepale. Hivyo si vipimo?

Mwalimu: Kaka, kumbukumbu alikuwa nayo, sibishi. Hata kasuku anayo.

Mkulima, Makambako: Kasuku hajawahi kumrudisha mkandarasi site.

Dada wa Mwanjelwa, Mbeya: Ndaga fijo mwalimu, ila nyote mnazunguka. Merkel naye ana udaktari wa kemia ya kwanta, wa 1986, na ameongoza Ujerumani miaka 16. Aprili 2020 alieleza kwamba kila mgonjwa akiambukiza wastani wa watu 1.1, hospitali zitaelemewa ifikapo Oktoba, wakiwa 1.3, ni Juni. Alieleza vizuri, sawa. Lakini taasisi ya afya ya kwao ilikuwa inatoa takwimu kila siku, apende asipende. Mngempa Merkel maabara ambayo mkuu wake anaondolewa kwa neno moja la hotuba, angebaki yuleyule?

Mwalimu: Hapo umenibana, dada. Wanafunzi nitawabadilishia swali Jumatatu. Mkulima, bado sijakusamehe.

Mkulima, Makambako: Na viazi nilikuwa nakuletea.