Friji ya mtumba, koili ya shaba au sufuria kubwa: kipi kitangulie kwa mtengenezaji bia wa nyumbani mwenye bajeti ndogo?

Mwanagenzi wa Pasua

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninaishi Pasua, Moshi, na ninatengeneza bia ya shayiri nyumbani kwa ajili ya familia na marafiki, lita 10 kwa kila mapishi. Nina sufuria ya alumini ya lita 15, mfuko wa kitambaa chepesi wa kulowekea kimea, ndoo mbili za plastiki zenye mifuniko, mpira wa kuhamishia bia na kifaa cha kufungia vizibo. Nimeweka akiba ya shilingi 250,000, nami naona njia tatu za kuitumia.

Ya kwanza ni friji ya mtumba yenye kidhibiti joto cha nje, ili bia ichachuke katika joto ninalolitaka. Ya pili ni koili ya shaba ya kupozea maji ya kimea mara tu yanapotoka motoni. Ya tatu ni sufuria ya chuma cha pua ya lita 40, ili nipike lita 20 kwa mkupuo mmoja. Fedha hazitoshi kwa yote matatu. Niongeze jambo moja: bia ninayoitengeneza kati ya Desemba na Machi huwa na ukali wa spiriti unaounguza koo, ilhali ile ya Juni na Julai hutoka safi. Naomba ulinganisho kutoka kwa waliotangulia.

Dada wa Njiro

Karibu sana, kaka. Jambo uliloliongeza mwishoni ndilo lenye jibu. Sufuria ni ile ile, kimea ni kile kile na mikono ni ile ile. Kinachobadilika kati ya Januari na Julai ni joto la chumba. Hamira nyingi za bia za aina ya eli, yaani zile zinazochachuka katika joto la wastani, hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi, na zinapochachusha huzalisha joto lao wenyewe, kiasi kwamba ndani ya ndoo joto linaweza kuzidi la chumba kwa nyuzi kadhaa. Chumba cha Pasua chenye nyuzi 28 kina maana ya ndoo iliyopita 30, na hapo hamira ya kawaida hutoa vileo vizito ambavyo ndivyo vinavyounguza koo. Kwa hiyo sufuria kubwa naiweka mwisho kabisa. Itakupa lita 20 za bia ile ile yenye ukali.

Hata hivyo, kuna vitu viwili ambavyo hukuviorodhesha na ambavyo kwangu vinatangulia vyote vitatu, navyo ni haidromita, yaani kifaa kinachoelea cha kupima uzito wa maji ya kimea ukilinganisha na maji matupu, na kipimajoto cha kuaminika. Ni vya bei ndogo mno ukilinganisha na friji. Haidromita ikisoma 1.048 kabla ya hamira na 1.010 mwishoni, unatoa, unapata 0.038, unazidisha kwa 131, na unajua kwamba bia yako ina kileo cha takriban asilimia 5. Faida kubwa zaidi ni usalama. Kipimo kikibaki pale pale kwa siku mbili tatu mfululizo, uchachushaji umekwisha na unaweza kujaza chupa kwa gramu 6 au 7 za sukari kwa lita. Ukijaza kabla ya hapo, sukari iliyobaki inaendelea kuchachuka ndani ya chupa hadi inapasuka, na kipande cha chupa kikiruka jikoni penye watoto, hasara yake haina fidia. Kumbuka tu kwamba haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Maji ya kimea yakiwa ya moto, usiamini namba unayoiona.

Fundi wa Sakina

Ninatengeneza mafriji kwa kazi, nami naunga mkono friji, kwa masharti. Friji ndogo ya mlango mmoja inaweza kumeza karibu akiba yako yote, hivyo usinunue kwa kuangalia rangi. Ichomekwe kwenye umeme mbele yako, iachwe ipoe, usikilize kompresa inavyowaka na kuzima. Funga mlango juu ya karatasi kisha uivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umechoka. Pima ndoo yako pamoja na mfuniko na mrija wa kutolea gesi, kwa sababu friji nyingi zina kijukwaa chini nyuma, pale kompresa inapokaa, na ndoo inayoonekana itaingia unakuta inazuia mlango kufungwa.

Kihisio cha kidhibiti joto kisining'inie hewani. Kibandike ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa bia, kisha ukifunike kwa kipande cha sponji, maana unachotaka kupima ni bia na si hewa ya friji. Weka pia ucheleweshaji wa dakika tatu au zaidi kati ya kuzima na kuwaka ili kompresa isiungue. Usitoboe kuta kutafuta njia ya waya; mabomba ya gesi yamepita humo, na waya mwembamba unapita kwenye mpira wa mlango bila shida. Umeme ukikatika kwa saa chache, acha mlango umefungwa, kwa kuwa lita 10 za kimiminika hazibadilishi joto haraka.

Mama Kimea, Kibosho

Mwanangu, nina njia nyingine ya kufikia lengo hilo hilo kabla hujafika kwa fundi. Tia ndoo ndani ya karai la maji, ivishe gunia safi ambalo ncha zake zimelowa karaini, uiweke penye upepo na kivuli. Maji yakipaa kwenye gunia yanashusha joto kwa nyuzi kadhaa, hasa Januari na Februari hewa inapokuwa kavu. Masika yakianza njia hii hudhoofika, nami sitaki ukaitegemee Aprili.

Pili, badili hamira. Kuna hamira za kienyeji za Norwe zinazoitwa kveik, ambazo huchachusha kati ya nyuzi 30 na 40 bila kuleta ule ukali. Mtu wa Moshi anayenunua pakiti hiyo ameligeuza joto letu kuwa msaada, na mashapo yanayobaki chini ya ndoo yanaweza kutumika tena kwenye mapishi yanayofuata.

Nalisema hili nikiwa nimelelewa kwenye mbege. Ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi na msesewa, lile gamba la mti linalotia uchungu, havijawahi kuhitaji friji, lakini mbege hunywewa ikiwa mbichi, ndani ya siku chache. Bia ya shayiri unaifungia chupani kwa majuma, na kila kasoro iliyoingia siku za kwanza inabaki humo ikikusubiri.

Mkazi wa Ngaramtoni

Niongezee juu ya koili, kwa sababu imepitwa haraka. Kwa lita 10, kuweka sufuria ndani ya karai la maji baridi na kuyabadilisha mara kadhaa kunatosha, hasa kwenu Moshi ambako maji ya chemchemi za mlimani huja ya ubaridi. Koili inakuwa ya lazima ukifika lita 20, maana sufuria ya ujazo huo ni nzito, na kuibeba ikiwa na maji yaliyotoka kuchemka ni hatari. Ndiyo maana naona koili na sufuria kubwa ni ununuzi mmoja, wala havifai kulinganishwa kila kimoja peke yake. Siku hiyo ikifika, mita 10 hadi 12 za bomba la shaba la milimita 10 zinapatikana kwa wauza vipuri vya friji, na unaikunja mwenyewe taratibu kwa kuizungusha kwenye mtungi mdogo wa gesi.

Kwa wasomaji wa upande wa Arusha na Arumeru, kabla ya kifaa chochote chunguzeni maji. Visima vingi vya huku vina floridi nyingi inayotokana na miamba ya volkano, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi, maji yanapopungua sufuriani ndipo inapozidi kukolea. Pia tunachemsha kwa takriban nyuzi 95 kwa sababu ya mwinuko, na ninyi Moshi kama 97, kwa hiyo hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, hutoa uchungu pungufu kidogo. Hilo linarekebishwa kwa kuongeza hopsi, bila kununua kitu.

Mwanagenzi wa Pasua

Nawashukuru kwa dhati. Nitaanza na haidromita, kipimajoto na pakiti ya kveik, kisha nitafuata njia ya karai na gunia la Mama Kimea hadi masika. Fedha itakayobaki naitunza kwa ajili ya friji, kwa kuwa natamani siku moja kutengeneza laga, ambayo najua huchachuka kwenye nyuzi 10 hivi na haiwezi kufikiwa kwa gunia. Fundi, je, friza ya kulala inafaa kuliko friji ya kusimama?

Fundi wa Sakina

Inafaa kwa laga, kwa sababu hewa baridi haimwagiki unapoifungua, lakini utanyanyua ndoo iliyojaa kutoka kiunoni hadi juu ya ukingo kila mara. Kwa lita 10 utaiweza. Ukishapanga kwenda lita 20, chukua ya kusimama.