Naomba ushauri: nile nini baada ya mazoezi? Nina miaka 47, hedhi inaelekea kukoma

Mama Forest (mleta mada)

Habari za jioni wapendwa, na wakubwa wangu shikamooni. Naishi Mbeya mjini. Hedhi yangu imeanza kuyumba: mara inawahi, mara haionekani, kisha inarudi na damu nyingi. Usiku naloa jasho hata kwenye baridi hii ya Juni. Daktari kaniambia ni kipindi cha kuelekea kukoma hedhi, akanisisitizia mazoezi ya kunyanyua uzito ili kulinda mifupa na misuli. Nayapenda kwa kweli. Siku za kazi nanyanyua madumu ya maji nyumbani na kuchuchumaa, Jumamosi tunapanda mlima Loleza na wenzangu.

Nikimaliza nakunywa chai ya rangi na kiazi kimoja, basi, mpaka saa saba mchana. Ikifika saa nne mikono inatetemeka na kichwa kinagonga. Rafiki zangu wanasema nisile kabisa ili tumbo lipungue. Kijana wa jimu anataka ninunue unga wa protini wa kopo, na bei yake inalisha nyumba. Nisaidieni: nile nini cha hapa hapa kwetu, na saa mbili niwe kazini?

Binti wa Tukuyu

Pole dada, na hongera kwa Loleza. Hilo la kukaa na njaa achana nalo leo leo. Estrojeni, homoni ya kike, ilikuwa inasaidia kulinda misuli na mifupa, na sasa inashuka. Kwa umri huu mwili unataka protini nyingi zaidi kuliko ulipokuwa msichana ili misuli iitikie mazoezi. Ukinyanyua madumu ukaishia kwenye chai ya rangi, misuli haina cha kujijengea.

Lenga gramu 25 hadi 30 za protini kwenye mlo huo. Yai moja lina kama 6. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina 8. Maharage yaliyoiva, kikombe kizima, yana kama 15. Kwa hiyo mayai mawili, nusu kikombe cha maharage na kikombe cha maziwa vinakufikisha 27 hivi, bila kopo la mtu.

Mimi huku kwetu nachemsha ndizi na maharage mpaka zilainike, naweka parachichi juu badala ya mafuta, pembeni maziwa mgando. Parachichi lina mafuta mazuri na nyuzinyuzi, ila protini yake ni ndogo sana, usilihesabu kama kitoweo. Nawaona wengi wanakula parachichi na chai wakidhani wamemaliza kazi, inaniuma.

Saa usiihangaikie sana, ndani ya saa moja au mbili inatosha. Ila kama unafanya mazoezi na tumbo tupu, usichelewe zaidi ya hapo.

Mkimbiaji Gangilonga

Mimi ningeshauri aache wanga kabisa. Ugali, viazi, ndizi, vyote. Kitambi kinatoka huko.

Binti wa Tukuyu

Kaka, kwa heshima, hapana. Mtu ameshuka Loleza, misuli imetumia akiba yake ya sukari, na ikifika saa nne asubuhi mikono inatetemeka. Hapo wanga unahitajika. Apunguze andazi na sukari kwenye chai, sawa. Kiazi cha kuchemsha, ndizi ya kupika au uji wa ulezi abaki navyo, kwa kiasi, pamoja na protini.

Wa Matema

Msisahau usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa! Unaliwa na mifupa yake, kwa hiyo unapata protini na kalsiamu kwa pamoja. Mwanamke chini ya miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, akivuka 50 ni 1,200. Mkavu uoshe vizuri utoe mchanga, ukaange na nyanya na kitunguu. Mboga weka chainizi. Mchicha ni mzuri, lakini kalsiamu yake mwili unaipata kwa shida. Ya chainizi inapatikana kirahisi.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, wenzangu wamesema vizuri juu ya chakula, mimi nimesimama pale ulipoandika "damu nyingi". Kutetemeka kunaweza kuwa njaa, lakini nenda ukapime wingi wa damu na sukari pia. Wanawake wengi katika kipindi hiki hupungukiwa damu taratibu, wakadhani ni uzee. Ukijaza pedi ndani ya saa moja au mbili, au ukitoka mabonge makubwa, usisubiri, nenda hospitali. Na hedhi ikishakoma miezi 12 mfululizo halafu damu ikarudi, hata tone, lazima uchunguzwe.

Chai ya rangi isiambatane na chakula. Inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharage. Ingoje kama saa moja. Badala yake kula pera au chungwa, vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa. Maini mara moja moja ni mazuri. Kama umewahi kuambiwa figo zina tatizo, muulize daktari kabla ya kuongeza protini.

Mama Forest (mleta mada)

Shikamoo mama, nimekusikia, wiki hii nakwenda kupima. Na ninyi wote asanteni kutoka moyoni. Sasa maharage asubuhi nayapikaje na muda sina?

Bibi Uyole

Marahaba kwa niaba ya wakubwa wote! Mbeya tuko juu, mita 1,700 hivi, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 badala ya 100, ndiyo maana maharage yetu hayaivi haraka. Yaloweke usiku kucha, maji hayo yamwage, kesho yake jioni yapike sufuria kubwa. Yakipoa gawa kwenye vibakuli, weka kwenye friji, yanakaa siku tatu. Asubuhi unapasha kimoja huku mayai yanachemka.

Kama joto la ghafla linakusumbua, uji na maziwa yaache yapoe kidogo kabla ya kunywa, na pilipili ipunguze uone kama inasaidia. Kwa safari ya Jumamosi chemsha mayai Ijumaa usiku, yabebeni na ndizi mbivu, mle mkishafika chini kabla ya kutawanyika. Nyumbani ukifika malizia na maziwa na maharage.